Mganda, kama hukupiga kura Januari 2026, nyamaza kuhusu barabara. Au mnasemaje?

#1 Fundi_Busia
Salaam wote. Hapa mtaani kwetu Busia pampu ya maji imekufa tangu mwaka jana, na kila jioni watu wakipanga madumu ni matusi tu, diwani anatukanwa, mbunge anatukanwa, serikali yote inatukanwa. Juzi nikauliza kwa upole, jamani nani hapa alipiga kura Januari? Mikono ikanyanyuka mitatu, na mmoja wa hao watatu nina wasiwasi naye sana maana siku ile nilimuona ng'ambo upande wa Kenya amekaa na chupa yake. Msimamo wangu ni huu: raia apige kura kila uchaguzi, wa rais, wa mbunge, wa diwani, mpaka wa LC1 (mwenyekiti wa kijiji au mtaa), na asiyepiga afunge mdomo miaka mitano. Tume ya Uchaguzi yenyewe imetangaza waliojitokeza mwaka huu ni asilimia 52.5. Mwaka 1996 walipita 70. Kila uchaguzi tunashuka tu. Haya, nishambulieni.

#2 Mama_Kalerwe
Fundi umeamka na hasira. Mimi sikupiga na sinyamazi. Ushuru wa soko nalipa, sukari nanunua na kodi yake ndani, nikitoa pesa kwa simu serikali inakata nusu asilimia yake. Nani kakwambia haki ya kulalamika inauzwa kwenye kituo cha kura? Nimeshailipia sokoni.

#3 Boda_Ntinda
😂😂 Mama kamaliza uzi post ya pili

#4 Mwalimu_Arua
Mama, kodi na kura ni vitu viwili. Kodi unalazimishwa, kura unapewa. Na hata hivyo katiba yetu ya 1995 inasema wazi kwamba kupiga kura ni wajibu wa kila raia mwenye miaka 18. Wajibu, siyo hiari. Fundi yuko sahihi.

#5 WakiliKimya
Mwalimu taratibu. Ibara ya 59 inasema raia wa miaka 18 na zaidi ana HAKI ya kupiga kura. Wajibu uko kwenye kifungu cha pili, na ni wajibu wa KUJIANDIKISHA. Ibara ya 17 nayo inayoorodhesha kazi za raia, kulipa kodi, kupambana na rushwa, kutunza mazingira, inataja kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi, ikaishia hapo. Walioandika walijua wanachoandika. Kwa hiyo kisheria Mama Kalerwe hana kosa akibaki na nyanya zake, kosa angekuwa nalo kama hata jina lake halimo kwenye rejista.

#6 Mwalimu_Arua
Wakili sasa mtu ajiandikishe ili iweje? Aweke jina pale kama pambo? Ukimwambia mtoto ni lazima aandikishwe shule, unategemea aingie darasani. Mimi nasoma roho ya sheria wewe unasoma koma.

#7 Boda_Ntinda
Ngoja niwaambie kitu nyinyi mnaosema watu ni wavivu. Mimi niliandikishwa Bukedea, nyumbani, wakati natafuta kitambulisho cha taifa, wakaniuliza kijiji gani nikasema cha baba. Sasa naishi Ntinda. Kura ni Alhamisi. Niende Jumatano, nauli ya wiki za kura unaijua inavyopanda, nilale, nipige, nirudi Ijumaa kama barabara ziko wazi, na hizo siku zote pikipiki ya watu inadai hela yake ya kila siku. Alhamisi ni sikukuu kwa mtu wa ofisi. Mwenye pikipiki hana sikukuu. Kura yangu ina bei na bei yake naijua mimi, na huyo mgombea wa Bukedea hata sura yake siijui. Huo siyo uvivu ndugu Fundi.

#8 Fundi_Busia
Boda si ungehamisha kituo? Tume hufungua zoezi, watu wanahamisha.

#9 Boda_Ntinda
Walifungua, nilikuwa barabarani

#10 Ejenti_Mukono
Fundi hesabu yako ya #1 haijakaa sawa. Siyo kila uchaguzi tunashuka. 2006 ilikuwa kama 69, 2011 ikaanguka mpaka 59, halafu 2016 ikapanda tena mpaka 67 na kitu, 2021 ikarudi 59. Inapanda inashuka.

Na jambo la pili ambalo hamlisemi. Mimi nimekuwa ejenti wa mgombea zaidi ya mara moja, nakaa pale na nakala ya rejista napiga alama. Kwenye kituo chetu kuna majina ya watu niliowazika mwenyewe. Kuna majirani walioenda Dubai kufanya kazi, na sisi hatuna kura ya ubalozini, ukiwa nje uko nje. Kuna wasichana walioolewa wilaya nyingine. Hao wote mnawahesabu kama "hawakujitokeza". Ukiwatoa marehemu na walio Uarabuni, hiyo 52 yenu itakuwa nyingine kabisa. Kabla ya kumtukana aliyebaki nyumbani hakikisheni kwanza yuko hai.

#11 Fundi_Busia
Sawa lakini marehemu walikuwepo kwenye rejista hata 2016 na bado tulifika 67. Walikufa wote baada ya hapo?

#12 Mama_Kalerwe
Na wengine wanasema marehemu ndio wanaopiga kwa bidii kuliko sisi 🙊

#13 Mwanafunzi_Wandegeya
Mimi naongeza la vijana. Uchaguzi wa Januari 2021, daftari lilifungwa Desemba 2019. Mtu aliyefikisha 18 mwaka 2020 wote akaachwa nje. Kaka yangu ni mmoja wao, alikuwa na moto wa siasa balaa, kofia nyekundu ya wafuasi wa Bobi Wine, kila kitu, siku ya kura akakaa kwenye ngazi za nyumba anatuangalia tunaondoka. Mwaka huu jina lake lipo lakini moto umezima, hakwenda. Ukimkosesha mtu kura yake ya kwanza hata ya pili anaweza asiitake, hayo ni maoni yangu.

Halafu msisahau mashine. Kituo chetu asubuhi mashine ya alama za vidole inagoma, karani anaipiga kofi, anaizima anaiwasha, foleni imesimama, intaneti imekatwa tangu Jumanne huwezi hata kumuuliza mtu kama kwao ni hivyo. Walipokuja kusema tumieni rejista ya karatasi watu wengi walishaenda kutafuta chai.

#14 Mzee_Reli_Jinja
Wanangu marahaba kwa mliokubali kuamkia wazee, na wengine hamjambo. Niliajiriwa reli zamani, nimezeeka hapa Jinja. Uhuru tuliupata 1962 na uchaguzi ule wa Aprili. Baada ya hapo hakukuwa na uchaguzi mkuu tena mpaka Desemba 1980. Miaka 18. Nilikuwa mtu mzima na sijawahi kuona karatasi ya kura. Amin alitawala tangu 1971 mpaka 1979 na hakuna mtu aliyeniuliza chochote. Kwa hiyo 1980 tulipopewa, mstari ulianza gizani, wamama na vigoda vyao, na wakaongeza na siku ya pili maana watu hawakuisha. Mimi tangu siku hiyo sijaacha. Nikisikia kijana anasema "sitaki" nakumbuka wakati ambao kutaka kwenyewe kulikuwa hakuna pa kupeleka.

#15 Boda_Ntinda
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote lakini, hiyo ya 1980 si ndiyo Paulo Muwanga, mkuu wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa inatawala, alijipa mamlaka ya matokeo, hakuna kutangaza mpaka yeye akubali, na Februari 1981 watu wakaingia msituni? Mlipanga mstari siku mbili mkapata vita miaka mitano.

#16 Mzee_Reli_Jinja
Marahaba. Ni kweli. Lakini aliyeharibu ni yule wa kwenye hesabu, siyo sisi wa kwenye mstari.

#17 Mwanafunzi_Wandegeya
Mzee 🔥

#18 Mkenya_Malaba
Majirani habari. Mnaongea kana kwamba kutopiga ni uvivu au nauli tu. Kuna kususia. Sisi 2017 Mahakama ya Juu ilifuta kura ya urais ya Agosti, ikaja marudio Oktoba 26, Raila akasema watu wake wakae nyumbani, na wakakaa. Waliojitokeza hawakufika 40. Hiyo nayo ni kura, tena inaonekana kuliko kura.

#19 Ejenti_Mukono
Na Uhuru Kenyatta akapata asilimia ngapi?

#20 Mkenya_Malaba
98

#21 Ejenti_Mukono
Akaapishwa?

#22 Mkenya_Malaba
Akaapishwa Novemba ndio. Lakini Machi 2018 walisalimiana mkono kwa mkono pale Harambee House na kila kitu kikabadilika. Unafikiri angemsalimia mtu aliyeshindwa kawaida? Ile asilimia ndogo ndiyo iliyomleta mezani.

#23 MTZ_Mutukula
Mkuu Mkenya hiyo ni bahati yenu. Zanzibar chama cha upinzani CUF walisusia marudio ya Machi 2016, Shein wa CCM akapita kwa asilimia 91, wakakaa nje miaka minne hawana hata kiti Baraza la Wawakilishi. Maalim Seif, mgombea wao, aliporudi 2020 na chama cha ACT akashindwa lakini umakamu wa kwanza wa rais akaupata. Nje alipata nini?

#24 Mkenya_Malaba
Alipata heshima

#25 MTZ_Mutukula
Heshima hailipi ada

#26 Mzee_Reli_Jinja
Na sisi tunao mfano wetu, mbona mnakwenda mbali. Julai 2005 tulikuwa na kura ya maoni ya kurudisha vyama vingi. Vyama vyenyewe vya upinzani vikasema tususie, ati haki ya vyama haipigiwi kura. Waliojitokeza kama 47 kwa mia, na kati yao zaidi ya 92 wakasema vyama virudi. Yaani vyama vilirudishwa na watu ambao vyama viliwaambia wabaki nyumbani. Mimi nilikwenda, nikacheka peke yangu njia nzima.

#27 WakiliKimya
Mzee hoja yao ilikuwa na mantiki, haki ya msingi huwezi kuipigia kura, siku wengi wakikataa utafanya nini. Wakati mwingine kupiga kura ni kukubali kwamba swali lenyewe ni halali. Mtu akiniuliza "nikunyang'anye shamba, ndiyo au hapana" sitaki kujibu hapana, nataka aondoke.

#28 Mwalimu_Arua
Ukikaa kimya atalichukua 😀

#29 Fundi_Busia
Narudi kwenye mstari. Kususia nakuelewa kama kumepangwa na watu wanajua. Lakini hawa wa kwetu hawakususia, walikuwa wanaangalia mpira. Hamuwezi kuwapa cheo cha wanaharakati.

#30 Bwera_Mpakani
Nauza vitenge hapa Mpondwe, kila siku nashinda na Wakongo, acha niwape ya Beni. Desemba 2018 Kongo wanachagua rais, serikali ikasema Beni na Butembo hawapigi, kuna Ebola na kuna waasi, watapiga Machi. Machi! Na rais anaapishwa Januari. Unajua watu wa Beni walifanya nini? Siku yenyewe ya kura walijipangia vituo vyao wenyewe, wakapanga foleni kabisa, wananawa mikono kwa ajili ya Ebola, wanapiga kura ambayo walijua haihesabiwi popote. Wateja wangu walinihadithia kwa fahari kama wanaelezea harusi. Sasa mimi Mganda nina kituo mita chache toka dukani, Ebola hakuna, nishindwe kweli? Kila nikisikia uvivu wangu unaniita nakumbuka wale watu.

#31 Mama_Kalerwe
Bwera hiyo nzuri sana, banange, imenigusa. Lakini wao walipiga kwa sababu walinyimwa. Sisi hatujanyimwa, sisi tumechoka. Uchovu ni ugonjwa mwingine.

#32 Boda_Ntinda
Tena kuna na woga jamani tuuseme. Novemba 2020 zile siku mbili baada ya Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kukamatwa kule Luuka walikufa zaidi ya watu 50, wengine walikuwa wanapita tu njia. Tangu hapo mama yangu siku ya kura ananipigia simu asubuhi: uko wapi, kaa ndani. Sasa nimtii Fundi au nimtii mama?

#33 Fundi_Busia
Mama. Lakini mwambie kura inachukua dakika kumi.

#34 Mwanafunzi_Wandegeya
Dakika kumi na mashine gani 😭

#35 Ejenti_Mukono
Wengi wenu mnasema "kura yangu haina maana, matokeo yako tayari". Niwaeleze ninachokiona pale chini ya mwembe, maana wengine hamjawahi kubaki mpaka mwisho. Mnapewa karatasi, mnaenda kwenye meza yenye beseni la plastiki, unainamia beseni unaweka alama, unakunja, unatumbukiza, wanakupaka wino kidoleni. Saa kumi jioni tunafunga. Hapo ndipo raha inaanza. Karani anainua karatasi moja moja juu, anaigeuza kila upande, anasema jina kwa sauti, na umati unaitikia unahesabu naye, watoto wako juu ya miti. Hakuna umeme, giza likiingia wanamulika kwa simu. Kila ejenti anaandika kwenye daftari lake, mwisho tunasaini fomu na kila mmoja anapewa nakala yake. Pale kituoni ni vigumu kuiba mbele ya watu mia wanaohesabu kwa sauti, labda ejenti awe amenunuliwa na watu wawe wameshaondoka kulala. Yanayotokea karatasi ikishaondoka pale ni habari nyingine, sisemi. Ila udiwani wa kata yetu uliamuliwa kwa kura zisizofika kumi, na najua nyumba moja tu yenye watu zaidi ya hao ambao siku hiyo walikuwa wanapalilia.

#36 WakiliKimya
Hiyo "habari nyingine" ndiyo tatizo lenyewe ssebo. Besigye, mgombea urais wa upinzani, alikwenda mahakamani 2001, majaji wanne kwa watatu wakasema kasoro zipo lakini hazikutosha kubadili matokeo. Kasoro zipo, na uchaguzi unasimama. Mwananchi wa kawaida akisikia hivyo anaelewa nini?

#37 Mwalimu_Arua
Wakili leo zamu yangu. Nne kwa tatu ilikuwa 2006. Mwaka 2001 walikaa majaji watano, ikawa tatu kwa mbili. Soma koma 😁

#38 WakiliKimya
Nimepigwa na fimbo yangu. Hoja inabaki.

#39 Mama_Kalerwe
Mimi nitawaambia kura ninayoiogopa na ndiyo pekee niliyowahi kupiga kwa moyo. Ya LC1, Julai 2018. Haikuwahi kufanyika tangu 2001, miaka 17, mwenyekiti wetu wa zamani alishafariki na muhuri ulikuwa unakaa kwa msaidizi wake. Na muhuri wa LC1 si mchezo. Unataka kufungua akaunti, barua ya LC1. Kitambulisho, LC1. Kuuza kiwanja, kumtolea mtu dhamana polisi, LC1. Rais sijawahi kumhitaji aniandikie kitu, huyu namhitaji kila mara na kila mara anataka "kitu kidogo cha wino".

Sasa kura ile ni ya mstari, unasimama nyuma ya mgombea wako mchana kweupe. Wagombea wawili: mwenye nyumba wangu, na kijana mmoja anayetengeneza redio. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi. Nimetoka na kanga yangu, nikaona wapangaji wenzangu wote wamesimama nyuma ya mwenye nyumba wanaangalia chini, na yeye amesimama mbele anageuka nyuma anahesabu sura, hahesabu vichwa, anahesabu SURA. Nikaenda nyuma ya fundi redio. Miguu ilikuwa inatetemeka. Mwenye nyumba alishinda, na mwezi uliofuata kodi yangu ikapanda. Kwa hiyo Fundi ukiniambia "piga kura kila mara" nakuuliza kura ipi, ya beseni au ya mstari?

#40 Boda_Ntinda
Mama wewe ni shujaa kumbe

#41 Fundi_Busia
Mama hiyo kura yako inazidi zangu zote. Lakini si unaona, ulitoka!

#42 Mama_Kalerwe
Nilitoka mara moja na nimelipia kila mwezi.

#43 Mwalimu_Arua
Dawa ni kulazimisha wote, wakienda wote hakuna wa kuonekana. Australia wamelazimisha tangu 1924. Uchaguzi wa kabla yake, 1922, walikuwa chini ya asilimia 60 kama sisi, uliofuata 1925 wakapita 91. Usipokwenda bila sababu ni faini dola 20. Na hawamlazimishi mtu kuchagua mtu, unaweza kuweka karatasi tupu.

#44 Bwera_Mpakani
Mwalimu faini hapa nani ataikusanya? Trafiki? Watafurahi sana. "Onyesha kidole, wino uko wapi, haya tuongee."

#45 MTZ_Mutukula
😂😂😂 kidole kimekwisha muda wake

#46 Mkenya_Malaba
Na Australia wanapiga Jumamosi, hakuna wa kukosa kazi. Hapo ndipo penye siri, siyo faini. Wekeni Jumamosi.

#47 Mwanafunzi_Wandegeya
Jumamosi Wasabato wataenda wapi? Bibi yangu hawezi kugusa kalamu Sabato.

#48 Mkenya_Malaba
Jumapili basi

#49 Mama_Kalerwe
Jumapili wachungaji watatangaza matokeo kabla ya sadaka

#50 Bwera_Mpakani
Kuhusu karatasi tupu, hapa zipo nyingi. 2016 kura zilizoharibika zilizidi 450,000. Wanasema ni kutojua kusoma. Mimi nina rafiki, mwalimu kabisa, alichora bendera nzuri kwenye karatasi ya ubunge, korongo na kila kitu. Anajua kusoma vizuri tu.

#51 Ejenti_Mukono
Hizo tunaziona! Mwaka huu kuna aliyeandika "chumvi yenu ya kampeni niliimaliza" na akasaini. Karani alishindwa kuisoma kwa kucheka.

#52 Fundi_Busia
Huyo namkubali kuliko aliyebaki kitandani. Amekwenda, amesema neno lake. Napunguza masharti: njoo hata kuchora korongo, ila njoo.

#53 WakiliKimya
Fundi umeanza na "anyamaze" umefika "njoo uchore". Kesho utasema mtu abaki tu nyumbani alimradi achore.

#54 Boda_Ntinda
Sasa swali la kweli wakubwa. Nikitaka kuhamisha kutoka Bukedea kuja Ntinda nafanyaje, naenda ofisi gani?

#55 WakiliKimya
Siyo siku yoyote. Subiri Tume itangaze zoezi la kusahihisha rejista, unakwenda na kitambulisho chako kwenye parishi unayohamia, unaomba kuhamishwa, unajaza fomu. Baadaye rejista ikibandikwa nenda ukalitafute jina lako mwenyewe, usiamini tu. Likikosekana unalalamika wakati huo huo siyo siku ya kura.

#56 Boda_Ntinda
Asante wakili. Tatizo lililobaki ni mzee wangu, nikihamisha kura atasema nimehama ukoo, na binamu yangu anajipanga kugombea udiwani kule, ameshaanza kunihesabu.

#57 Mama_Kalerwe
Huyo binamu akutumie nauli

#58 Boda_Ntinda
Mama ile itakuwa rushwa 😂

#59 Mwalimu_Arua
Wakili, nauli ya binamu ni rushwa au siyo? Ibara ya ngapi?